Wanaoudharau Mwisho wa Heri

Wako wahakiki ambao, kila wasomapo riwaya ya mapenzi ya watu wawili wa jinsia moja, wakaona wapendanao wamefika ukurasa wa mwisho wakiwa hai na pamoja, hukunja uso. Husema kitabu cha namna hiyo ni peremende ya watoto. Kwamba ukweli wa mapenzi hayo ni huzuni, na mtungaji asiyemzika mmoja wao ameikwepa kazi yake. Kauli hii husemwa kwa sauti ya hekima, lakini ikichunguzwa itokako hukutwa imezaliwa posta na mahakamani.

Mwaka 1952, katika Marekani, Marijane Meaker alitoa riwaya iitwayo Spring Fire kwa jina la kubuni la Vin Packer. Mhariri wake alimwonya mapema kuwa wasichana wawili wa hadithi ile wasipewe furaha, maana wakaguzi wa posta wangaliweza kuvikamata vitabu. Basi mmoja akapelekwa hospitali ya wendawazimu, na mwenziwe akatambua kwa ghafula kuwa hakumpenda kamwe. Je, huo ndio ukweli wa maisha? Huo ulikuwa ushuru, tena ushuru usio na stakabadhi: Radclyffe Hall aliwatenga wapendanao wake katika The Well of Loneliness, na hata hivyo mahakama ya London iliamuru mwaka 1928 kitabu kiharibiwe.

E. M. Forster alikataa kulipa. Alimaliza kuandika Maurice mwaka 1914, akawaacha wanaume wawili pamoja. Mwaka 1960 alieleza kuwa pasipo mwisho wa heri asingalijisumbua kukiandika, na kwamba kama kijana mmoja angalining'inia kitanzini kitabu kingalipata njia. Kilisomwa na marafiki tu mpaka kilipochapishwa mwaka 1971, mtungaji akiwa kaburini. Anayeuita mwisho huo rahisi na aihesabu kwanza miaka hiyo 57.

Leo vitabu vya aina hii ni tele, na vingi vimehamia katika nchi za kubuni. Wahakiki huona hiyo nayo ni mbio za mwoga. Lakini Ellen Kushner, katika Swordspoint ya mwaka 1987, alijenga mji ambamo mpiga upanga Richard na mwanachuo Alec wanapendana pasipo mtu kustaajabu. Akapata faida kubwa: hatari yote yatoka katika njama za wakuu na ncha ya upanga, na tabia za wawili hao zapata nafasi ya kuonekana, hata zile mbovu. Alec huchokoza ugomvi kwa makusudi ili Richard aue. Hiyo si peremende.

Wala haisemwi hapa kwamba kifo kifukuzwe vitabuni. Madeline Miller, aliyepata Tuzo ya Orange mwaka 2012 kwa The Song of Achilles, hakuweza kumwokoa Achilles wala Patroclus, kwa kuwa kisa chao ni cha kale na Wayunani walikwisha kukiamua. Kifo hicho kina haki ya kuwapo, nacho chaliza kweli.

Lawama moja wanayo ya haki. Katika The House in the Cerulean Sea (2020), TJ Klune ampeleka karani mpole, Linus Baker, kisiwani kukagua nyumba ya yatima wenye maumbile ya ajabu. Kurasa za watoto hao zapendeza mno. Lakini chuki ya wanakijiji yayeyuka upesi kama barafu juani, na idara ya kutisha yalegea mbele ya ripoti. Kosa hapo ni la chuki iliyotungwa nyepesi. Furaha haina hatia.

Wahakiki hao hao husoma Pride and Prejudice wakaridhika, na hakuna aliyemdai Jane Austen maiti ya Elizabeth Bennet. Wala msikilizaji wa hadithi za jioni, akisikia mtoto wa mfalme na mkewe wamekaa raha mustarehe, haulizi msiba uko wapi. Mwaka ule ule wa 1952 Patricia Highsmith alitoa The Price of Salt, akijificha nyuma ya jina la Claire Morgan, na wanawake wake wawili akawaachia tumaini. Barua za wasomaji zilimfuata kwa miezi mingi, zikimshukuru kwa mwisho ule. Jina lake mwenyewe alilitia juu ya kitabu hicho mwaka 1990.