Kiwanda cha Matairi: Tuhesabiane Kwanza

Kila inapotangazwa kwamba kiwanda cha matairi cha Arusha kitafufuliwa, watu wa Ngarenaro hufurahi siku mbili, na siku ya tatu huuliza: ni nani atakayekiendesha, na hesabu zake ataonyeshwa nani? Sisi twaona swali hilo ni la haki. Twakiri pia kwamba magazeti, hata yale ya Chama, yamelipa nafasi ndogo kuliko picha za wakubwa wakikagua mitambo.

Kampuni ya General Tyre East Africa iliundwa mwaka 1969. Serikali ilikuwa na hisa 74 kwa mia, na Wamarekani wa General Tire walikuwa na 26. Mwaka 1971 uzalishaji ukaanza, wakati Azimio la Arusha lilikuwa na umri wa miaka minne tu. Azimio lenyewe lilijadiliwa na Halmashauri Kuu ya TANU pale Kaloleni, jirani zetu, mwezi Januari 1967. Mwaka 1987 Wajerumani wa Continental waliinunua General Tire, nao wakawa ndio wabia wetu. Mwaka 2007 mitambo ikasimama.

Msomaji ambaye hajapata kuingia katika kiwanda cha namna hii hudhani kuwa tairi ni utomvu wa mti tu. Sivyo. Utomvu umo, na kwa ajili yake yalianzishwa mashamba ya mpira ya Kihuhwi huko Muheza na Kalunga huko Kilombero. Lakini umo pia mpira unaotengenezwa kwa mafuta ya petroli, umo mkaa laini mweusi unaopatikana kwa kuunguza mafuta mazito (ndio unaolipa tairi weusi wake na nguvu zake), zimo nyuzi za nailoni, waya wa chuma na salfa. Vyote huchanganywa, hukandwa, huundwa, kisha hupikwa kwa joto na mgandamizo mkubwa. Ukiacha huo utomvu, sehemu kubwa ya vitu hivyo hutoka ng'ambo, hununuliwa kwa fedha za kigeni, na huagizwa miezi mingi kabla ya kutumika.

Kwa sababu hiyo kiwanda cha matairi huanza kufa katika bohari. Mashine zitanguruma, kengele ya zamu italia, mishahara italipwa; kumbe kitabu cha mtunza bohari kimekwisha kusema kwamba mkaa umebaki wa majuma matatu na meli haijaagizwa. Meneja ambaye hakutenga fedha za malighafi mwezi wa pili ndiye aliyeisimamisha mashine ya mwezi wa nane, ingawa mwezi wa nane lawama zitamwangukia fundi.

Wapo wasemao kwamba kiwanda chetu kilishindwa na matairi ya bei nafuu kutoka nje, baada ya milango ya biashara kufunguliwa. Hatukatai kwamba mashindano yalikuwa makali. Lakini tairi la kigeni haliingii nchini kwa siri. Hupita bandarini, huandikwa, hutozwa ushuru. Uongozi wa kiwanda una miaka ya kumwona mshindani akija, na ndio wakati wa kukata gharama, kubadili mitambo iliyochakaa na kuwaambia wafanyakazi ukweli.

Kisha kuna jambo la mkopo, ambalo twaomba kila mfanyakazi alisikilize vizuri. Kabla mitambo haijasimama, kiwanda kilikopeshwa dola milioni 10 na Shirika la Taifa la Hifadhi ya Jamii, kwa dhamana ya Serikali. Fedha za Shirika hilo ni makato ya mishahara. Ni uzee wa dereva, wa mpishi wa hoteli, wa mshonaji wa kiwanda cha nguo. Kiwanda kilisimama, na deni likaendelea kutajwa katika taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu mwaka baada ya mwaka. Waliosoma shule za misheni wanaukumbuka mfano wa bwana aliyewaachia watumwa wake talanta. Aliporudi hakuwauliza nia zao zilikuwa njema kiasi gani, aliwataka hesabu. Hapa bwana ni mfanyakazi aliyekatwa mshahara, naye bado yumo mlangoni akingoja.

Tusimwelekezee kidole meneja peke yake. Waraka wa Rais wa mwaka 1970 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe viwandani, na Mwongozo wa TANU wa 1971 ukakataza ubwana na kiburi cha viongozi. Yalikuwa maagizo mema, lakini baraza lilipewa kazi ya kushauri tu, na uamuzi wa mwisho ukabaki kwa wakurugenzi. Na sisi wa Chama, kwa miaka mingi, mfanyakazi aliyeuliza habari za bohari tulimwona mkorofi. Hilo ni kosa letu.

Wala tatizo hili halikuwa la Arusha tu. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilianza mwaka 1972, na Wajerumani wa Klöckner waliokijenga ndio waliopewa pia kukiendesha. Nacho kilitegemea malighafi za meli, nacho kikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Basi kabla hajatafutwa mwenye fedha mpya, twataka hesabu za miaka ya mwisho kabla ya 2007 zichapishwe kwa Kiswahili, na kila deni lielezwe lilitumika wapi. Na siku mitambo itakapowashwa tena, mkataba wa meneja useme wazi kwamba kila mwisho wa mwezi tarakimu tatu zitaandikwa penye lango, mfanyakazi azisome akiingia zamu: matairi yaliyotoka, matairi yaliyoharibika, na siku za malighafi zilizobaki bohari. Tukiambiwa hakuna fungu la ubao huo, maseremala wa Ngarenaro watautengeneza asubuhi moja, na chaki tutanunua sisi.