Goma: Muziki wa batri usiunguze nyumba za mbao

Katika mitaa mingi ya Goma, umeme ukikatika muziki hauzimi. Bafle kubwa ya gari inatolewa garini, inaunganishwa na ampli, na ampli inafungwa kwenye batri. Inatumika kwenye nganda, kanisani, harusini, hata katika nyumba za kuchajia simu. Hakuna ubaya kwa watu waliochoka na vita kutafuta furaha kidogo. Ubaya ni kwamba ufungaji mwingi unafanywa bila fizible, ndani ya nyumba za mbao zilizobanana, ambamo familia za wakimbizi wa ndani zimepokelewa na ndugu zao. Cheche moja inatosha kuunguza nyumba ya jirani ambaye hata hakucheza ngoma hiyo.

Fizible si urembo wa gari. Kazi yake ni kulinda waya. Waya ukichubuka na kugusa chuma, batri ya volti 12 inaweza kusukuma mamia ya ampea kwa mara moja. Waya unakuwa mwekundu na plastiki inashika moto. Ndiyo maana fizible inawekwa karibu na batri, kwenye waya wa chanya, isizidi sentimita 45 hivi. Anayeiweka karibu na ampli ameacha waya wote wa nyuma bila ulinzi. Na yule anayebadilisha fizible iliyoungua kwa msumari au kipande cha waya amechagua moto.

Waya nao una kipimo. Ampli inayotoa wati 600 za kweli inavuta zaidi ya ampea 50 kwenye volti 12. Waya mwembamba wa taa za nyumba hauwezi mzigo huo. Unahitajika waya mnene wa shaba, wa milimita za mraba 16 hivi kwa mita chache, na fizible isiyozidi nguvu ya waya huo.

Kuhusu bafle na ampli, wengi wanadanganywa na namba kubwa ya kwenye karatoni. Namba ya kuangalia ni ile iliyoandikwa RMS, nguvu ya kila wakati, si ile ya MAX. Ya pili ni omu. Bafle mbili za omu 4 zikifungwa sambamba zinakuwa omu 2. Ampli isiyokubali chini ya 4 itapata moto. Zikifungwa kwa kufuatana zinakuwa 8, na ampli inapumua. Tena, ampli ndogo ikilazimishwa mpaka sauti ikwaruze, inaweza kuunguza koili ya bafle.

Wengine watasema fizible na waya mzuri ni gharama, na maisha ni magumu. Ni kweli. Lakini mwenye kupata pesa za bafle asiwaachie majirani hatari. Familia iliyokimbia kijiji mara moja haina vyombo vya kupoteza mara ya pili.

Basi wauzaji waonyeshe fizible pamoja na ampli, bila kungoja kuulizwa. Kamati za makanisa na viongozi wa avenue waangalie waya kabla ya sherehe, si baada ya moto. Mafundi nao wakatae kazi isiyo na fizible, hata kama mteja anaharakisha.