Mtambo Uliotumika na Msimbo wa Hitilafu: Funzo la Urambo kwa Barabara za Vijijini

Wilaya ya Urambo, mkoani Tabora, imeijua mitambo mizito iliyotumika kwa zaidi ya miaka sabini. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Serikali ya Uingereza iliichagua Urambo, pamoja na Kongwa na Nachingwea, kuwa sehemu ya mpango mkubwa wa kilimo cha karanga. Miti ya miombo ilipaswa kung'olewa kwa matrekta na mabuldoza. Kwa kuwa mitambo mipya ilikuwa adimu baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mpango huo ulinunua mitambo iliyoachwa na majeshi, mingine kutoka Ufilipino. Hata vifaru aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta.

Mingi ya mitambo hiyo iliharibika mapema, huku karakana zikiwa hazijakamilika, vipuri vikiwa adimu na mafundi wakiwa wachache. Januari 1951 mpango huo ulifutwa baada ya kugharimu mamilioni ya pauni. Sababu za kushindwa kwake zilikuwa nyingi, zikiwemo za udongo na mvua. Hata hivyo, moja kati ya hizo inabaki na uzito hadi leo: gharama ya mtambo uliotumika haiishii kwenye bei ya kuununua, bali inajumuisha uwezo wa kutambua kilichoharibika siku mtambo unapogoma.

Sehemu ya ardhi iliyofyekwa Urambo iliingia baadaye katika kilimo cha tumbaku, na zao hilo linategemea barabara za vijijini kufika sokoni. Barabara hizo hutengenezwa kwa ufanisi zaidi wakati wa kiangazi, takriban kati ya Mei na Oktoba. Greda likisimama wiki tatu katika kipindi hicho, muda uliopotea haurudi mpaka mvua zipite, na mkulima ndiye anayelipa kwa nauli na usafirishaji.

Mitambo iliyotumika inayoingia nchini sasa kutoka Japani, Ulaya na Umoja wa Falme za Kiarabu ina tofauti moja kubwa na ile ya mwaka 1947: injini yake huongozwa na kompyuta. Vihisi hupima shinikizo la oili, joto la maji, mwendo wa injini na mengineyo. Kipimo kikitoka nje ya kiwango, kompyuta huandika msimbo wa hitilafu kwenye kioo cha dereva, na mara nyingine hupunguza nguvu ya injini au kuizima.

Kosa linalogharimu fedha nyingi ni kuudhania msimbo huo kuwa jina la kipuri kinachopaswa kununuliwa. Katika mitambo inayofuata kiwango cha J1939, kilichoandaliwa na SAE, chama cha wahandisi cha Marekani, msimbo huwa na namba mbili. Ya kwanza hutaja kinachopimwa. Ya pili hueleza aina ya kasoro. Namba 100, kwa mfano, ni shinikizo la oili ya injini. Ikifuatiwa na namba 1, maana yake shinikizo lililopimwa limeshuka kwa kiwango cha hatari, na injini inapaswa kuzimwa mara moja. Ikifuatiwa na 4, maana yake volti ya kihisi iko chini kuliko inavyotakiwa. Hapo fundi huanza na waya, soketi na kihisi chenyewe kabla ya kugusa injini. Ikifuatiwa na 5, mara nyingi mkondo wa umeme umekatika mahali fulani.

Hivyo tarakimu moja inatenganisha kazi ya kufungua injini nzima na kazi ya kuunga waya. Baadhi ya watengenezaji, wakiwemo Komatsu, wana misimbo yao wenyewe, na kwa sababu hiyo kitabu cha mtambo husika hakina mbadala.

Misimbo mingi inapotokea kwa wakati mmoja, ni nadra vipuri vyote hivyo kufa siku moja. Vihisi kadhaa hutumia chanzo kimoja cha volti 5, hivyo kimoja kikipata shoti huweza kuviangusha vingine. Betri dhaifu au waya wa ardhi uliolegea katika mfumo wa volti 24 huleta matokeo kama hayo. Fundi makini huanza na multimita kwenye betri, fyuzi na nyaya. Aidha, mtambo uliotumika huja na historia yake: nyaya zilizoliwa na panya, soketi zilizoingia vumbi na unyevu, au kompyuta iliyoathiriwa na uchomeleaji uliofanywa bila kutenganisha betri.

Suala jingine ni mafuta. Mitambo ya miaka ya karibuni iliyotengenezwa kwa masoko ya Ulaya na Marekani huwa na chujio la masizi linalohitaji dizeli yenye salfa kidogo sana. Mingi pia hutumia myeyusho maalumu wa urea wa asilimia 32.5, na ukikosekana kompyuta hupunguza nguvu ya injini. Mbolea ya urea ya dukani si mbadala wake, kwa kuwa uchafu uliomo huharibu mfumo huo. Kwa eneo lililo mbali na bandari, mtambo wa zamani kidogo wenye mfumo rahisi unaweza kuwa na manufaa zaidi kuliko mpya wake.

Ukaguzi kabla ya malipo, kwa hiyo, ndio ulinzi wa kwanza wa fedha. Misimbo inaweza kufutwa asubuhi ya siku ya mauzo. Mnunuzi anapaswa kusoma kumbukumbu ya kompyuta, kuufanyisha mtambo kazi nzito hadi upate joto, kisha kuisoma tena. Saa za kazi zilizohifadhiwa kwenye kompyuta zilinganishwe na zile za dashibodi. Zikitofautiana sana, muuzaji atoe maelezo. Mkataba utaje pia kitabu cha mtambo, michoro ya nyaya na kifaa cha kusomea misimbo.

Kwa upande wa Serikali, matengenezo ya magari na mitambo yako chini ya Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA), ulioanzishwa mwaka 2005, wakati barabara za vijijini na mijini zimekuwa chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Kwa taasisi za umma na makandarasi, daftari la kila mtambo linaloonesha msimbo uliotokea, kilichopimwa na kilichobadilishwa ni nyenzo ya usimamizi isiyohitaji bajeti kubwa. Kipuri kilichobadilishwa bila kipimo kuandikwa ni matumizi yasiyoweza kuthibitishwa.

Mwananchi anayeona greda limesimama kando ya barabara ya kijiji chake ana haki ya kuuliza kupitia mkutano wa kijiji au diwani wake: hitilafu gani imepimwa, na nani aliyeipima? Mwaka 1947 mitambo ilinyamaza bila kueleza kinachoisumbua. Ya leo hueleza, na kinachotakiwa ni fundi anayeisoma kwa usahihi kabla ya fedha kutoka.