Fupisheni Njia, Watu Watakuja

Nimetoka kwenye kikao cha maandalizi ya mbio za baiskeli hapa Tunduma nikiwa na hasira, na hadi naandika haya haijapoa. Mbio zenyewe ni za ridhaa, za kuwaingiza watu wengi mchezoni. Uamuzi uliopitishwa: mbio moja tu, kilomita 100, barabara kuu ya kwenda Mbeya. Aliyeuliza wanafunzi watanyonga wapi aliambiwa waje kushangilia. Kina mama wakajibiwa hivyo hivyo. Wazee hawakutajwa kabisa. Uamuzi huu ni mbovu, na ukitekelezwa utaua mchezo ambao hapa mkoani Songwe bado haujasimama.

Hoja za wenzangu nazijua. Mbio ndefu huvuta majina kutoka Arusha na Kanda ya Ziwa, na wadhamini hupenda majina. Ni kweli. Enzi za udhamini wa Vodacom kwenye mbio za baiskeli kule Mwanza, wanaume walinyonga kilomita 196 na wanawake 80, na walemavu nao walikuwa na mbio zao fupi. Sidharau kazi ile. Ila mbio zinazosimama juu ya mfuko wa mdhamini hulala siku mfuko unapofungwa.

Mimi naona suala lote limekaa kwenye urefu wa njia. Nani anaweza kilomita 100? Kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye baiskeli ya gia na muda wa mazoezi. Basi. Mtoto wa Vwawa anayenyonga kila asubuhi kwenda shule hayumo. Mkulima wa Mbozi aliyezoea kufunga gunia kwenye keria na kupanda nalo mlima, hayumo. Mama wa Mlowo anayeenda sokoni kwa baiskeli, fundi wa miaka 55 anayeziba pancha za mtaa mzima, wote hawamo. Hawa hatuna haja ya kuwafundisha baiskeli. Wako juu yake tangu Jumatatu hadi Jumapili. Sisi ndio tunaowafungia mlango kwa tarakimu moja kwenye tangazo.

Tena tunawafungia kwa barabara isiyofaa. Barabara hii ndiyo njia ya shaba na mafuta kati ya bandari ya Dar es Salaam na Zambia na Kongo. Kila mkazi wa Tunduma anaijua foleni ya malori mpakani. Nani atasimamisha malori hayo kwa kilomita 100? Hakuna, na kikaoni hakuna aliyedai kwamba yatasimama. Maana yake washindani watapita ubavuni mwa semitrela. Mzazi gani atamruhusu binti yake wa miaka 15? Nilipouliza hivyo niliambiwa baiskeli ni mchezo wa wanaume wenye roho ngumu. Hapo ndipo subira yangu ilipokwisha. Kuhatarisha maisha ya watoto wa watu hakumfanyi mtu kuwa mwanaume.

Chukueni mzunguko wa kilomita 4, mitaa ya Vwawa asubuhi ya Jumapili, au njia ya vumbi katikati ya mashamba ya kahawa. Askari wachache kwenye makutano wanatosha, na gari moja la wagonjwa. Watoto wazunguke mara moja. Wa sekondari mara tatu. Wenye miaka zaidi ya 45 mara nne, kina mama mara tano, wenye baiskeli za keria wapewe mbio yao. Vijana wenye uchu wazunguke mara 15: hizo ni kilomita 60, na jasho litawatoka. Anayechoka anatoka, yuko hatua chache kutoka kwao. Bibi aliyekaa kwenye kigoda anamwona mjukuu wake akipita mara tatu. Kwenye barabara kuu angemwona mara moja, tena kwa nukta chache.

Msidhani huu ni mchezo wa kitoto. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Wanaume walikwenda kilomita 267.5, na sehemu kubwa ya safari hiyo ilikuwa kurudia mzunguko wa mjini wa kilomita 15 hivi. Mji huo huo, tangu mwaka 2016, hufunga baadhi ya barabara zake asubuhi za Jumapili maalumu ili wananchi watembee, wakimbie na wanyonge baiskeli bila kusukumwa na magari.

Wala hatuhitaji kwenda Rwanda kujifunza. Kilimanjaro Marathon ina kilomita 42, ina 21, na ina 5 za kila mtu, na hizo 5 ndizo zinazowatoa ndani watu ambao hawajawahi kukimbia. Watu wa riadha wamelielewa hilo. Sisi wa baiskeli tunang'ang'ania ya mabingwa peke yake, katika mkoa ambao bado hauna mabingwa.

Tangazo halijachapwa. Naomba wenzangu tukutane tena wiki hii, tufute hizo kilomita 100, tuandike makundi ya umri mahali pake.