Tiba ya tabia si kiboko wala dawa, mweleze mzazi kwa lugha anayoielewa

Hebu jaribu jambo moja leo jioni. Mwambie mathe, au shosho, au jirani yenu kwenye ploti kwamba kuna mtoto mwenye usonji anayepelekwa "tiba ya tabia". Kisha nyamaza umsikize. Utapata mojawapo ya majibu mawili. La kwanza: "Kwani ana tabia mbaya?" La pili: "Na atapona lini?"

Usimcheke. Majibu hayo yanatoka ndani ya maneno yenyewe. Kwetu sisi, mtu akianza kuzungumzia tabia ya mtoto wako, ujue analeta mashtaka. Na tiba ni dawa: unadungwa sindano, unameza tembe, unapona, unarudi nyumbani. Ukiunganisha hayo mawili, mzazi anasikia hivi: mtoto wako hana adabu, mlete tumponye. Halafu tunashangaa mbona amekasirika, au mbona ameacha kumpeleka baada ya mwezi mmoja akiona "hakuna kitu imebadilika".

Mimi si daktari. Chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili karo ilipokuwa ngumu, kwa hivyo usiniulize mambo ya vyeti. Lakini nina binamu wa miaka saba mwenye usonji, na kwa miaka miwili sasa mimi ndiye humsindikiza kwa mtaalamu kwa sababu anti yuko kazini. Kwenye zile benchi za kungojea nimeongea na wazazi wengi. Wengi wanaokaribia kukata tamaa wana shida moja: hakuna aliyewahi kuketi chini akawaeleza kinachofanyika mle ndani. Wanapewa ripoti ya kurasa nne kwa Kiingereza kizito, wanalipa, wanaondoka.

Hapo ndipo ninakutaka wewe. Ni wewe unayejua kusoma hiyo ripoti. Ni wewe uliye na bando. Ni wewe mathe anayekupa simu akisema, "Hebu niangalilie hii inasema nini." Kazi ya kueleza ni yako, upende usipende.

Anza kwa kumwondolea mzazi lawama. Usonji si laana, hauambukizi, na hautokani na malezi. Ni namna ubongo wa mtoto ulivyokua tangu mwanzo kabisa. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji, kwa hivyo hakuna mtaa usio na mtoto kama huyu, hata kama amefichwa ndani. Na mtu akileta ile stori ya chanjo, mwambie utafiti wa Andrew Wakefield uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 1998 ulifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010, naye mwenyewe akanyang'anywa leseni ya udaktari Uingereza mwaka huo huo. Najua kuna wanaopenda kumtupia mama ile methali, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwa usonji, methali hiyo ni rungu tu la kumpiga mama aliyechoka tayari.

Sasa ingia kwenye tiba yenyewe. Mimi nyumbani niliacha kuiita tiba. Niliita "mafunzo". Na "tabia" nikaeleza kwamba ni jambo lolote mtoto analofanya tunaloweza kuliona: kulia, kunawa mikono, kuomba maji, kukimbia barabarani. Si hukumu juu ya roho yake. Mtaalamu anaangalia lile jambo, anatafuta sababu, kisha anamfundisha mtoto njia nyingine, hatua kwa hatua.

Chukua mfano wa kwetu. Binamu yangu alikuwa akijitupa sakafuni kila jioni na kupiga nduru. Mmoja wa jamaa alisema ni mapepo, mwingine akasema ni deko. Mtaalamu hakusema lolote. Alitupa daftari, akatuambia tuchore sehemu tatu: kabla, kitendo, baada. Tujaze kwa wiki moja. Tulipolisoma, jibu lilikuwa pale. Kabla: anti anachukua simu aliyokuwa akitazamia katuni. Kitendo: nduru. Baada: anarudishiwa simu ili jirani wasisumbuke. Mtoto asiyeweza kusema "naomba simu" alikuwa amejifunza kwamba nduru ndiyo neno la kuomba simu. Na sisi ndio tulikuwa walimu wake!

Alifundishwa neno lingine: kadi yenye picha ya simu, anakupa mkononi. Akikupa kadi, anapewa simu, mara moja. Tukawa pia tunamwonyesha kwamba dakika zinakaribia kwisha kabla ya kuichukua. Lakini sikiliza hapa, kwa sababu ndipo wazazi wengi hutoroka. Siku tatu za kwanza nduru ziliongezeka. Jirani alibisha mlango. Hilo ni jambo la kawaida: njia ya zamani ikikosa kufanya kazi, mtoto huijaribu kwa nguvu zaidi kabla hajaiacha. Mzazi asipoambiwa mapema, atarudisha simu siku ya tatu, na mtoto atajifunza kwamba ni lazima apige nduru kubwa zaidi. Na kama mtoto hujiumiza, kwa mfano kujigonga kichwa ukutani, msianze jambo hili peke yenu. Zungumzeni na mtaalamu kwanza.

Tena si kila kilio ni cha kuomba kitu. Mtoto mwingine analia kwa sababu honi ya matatu au spika za kanisani zinamuumiza masikio kwelikweli. Huyo hahitaji kupuuzwa. Anahitaji kuketi nyuma, kuzibwa masikio, au kutolewa nje. Ndiyo maana daftari linakuja kabla ya jambo lingine lolote.

Kuna jambo la pesa pia. Anti yangu alichungulia kikao kimoja akatoka akiwa moto: "Elfu mbili nalipa mtoto apulizwe mapovu ya sabuni?" Ukitazama haraka, ni mchezo kweli. Ukitazama vizuri, mtaalamu anapuliza, kisha anasimama. Anangoja. Mtoto anamwangalia, au ananyoosha mkono, au anasema "te" ya "tena". Hapo ndipo anapulizia tena. Mapovu ni chaki tu. Somo ni kuomba. Ni vivyo hivyo na kunawa mikono: fungua mfereji, lowesha, paka sabuni, sugua, suuza, funga, pangusa. Wewe unaona jambo moja. Kwake ni masomo saba, na kila moja linastahili pongezi.

Mzazi atauliza kama hiyo ya kupongeza na kupeana vitu si hongo. Sisi Wakenya tunaijua hongo vizuri, kwa hivyo eleza hivi: hongo ni kile kitamu unachompa katikati ya kelele ili anyamaze. Zawadi inakuja baada ya kazi kufanyika. Na si lazima iwe peremende. Kuna mtoto anayefurahia kurushwa juu mara moja kuliko biskuti.

Halafu piga hesabu na mzazi wako. Wiki ina saa 168. Mtoto akienda vikao viwili vya saa moja moja, zinabaki saa 166 zilizo mikononi mwa mama, baba, shosho, dada wa kazi na wewe. Mtaalamu akifundisha kadi na shosho akirudisha mambo ya nduru, pesa zimeenda na maji. WHO yenyewe ina mafunzo ya walezi yaliyojengwa juu ya wazo hili: vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, ili mlezi wa kawaida afundishe wakati wa kula, kuoga na kucheza. Hakuna anayehitaji digrii kufanya hivyo. Naongea kama mtu asiye nayo.

Sasa nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Tiba hii ina historia chafu. Jina lililoifanya maarufu ni Ole Ivar Lovaas wa California. Mwaka 1987 alichapisha utafiti wa watoto 19 waliofundishwa zaidi ya saa 40 kwa wiki, akasema 9 kati yao walifikia kiwango cha wenzao shuleni. Dunia ikashangilia. Lakini Lovaas huyo huyo, miaka ya 1960, alitumia makofi na hata umeme kwa watoto. Leo kuna watu wazima wenye usonji wanaosema waziwazi kwamba walifundishwa kuficha walivyo, wakaumia ndani kwa miaka mingi. Tuwasikilize. Wao ndio waliokaa kwenye kile kiti.

Ndiyo maana kuna swali moja ninalotaka ulibebe kila unapoingia kwa mtaalamu: hii inamsaidia mtoto, ama inatupunguzia sisi aibu? Mtoto kujifunza kusema anaumwa wapi, hiyo inamsaidia yeye. Kujifunza kutokimbilia barabarani, inamsaidia. Lakini kumzuia kupunga mikono akifurahi, kisa watu kwa matatu wanaangalia? Hiyo ni aibu yetu. Mwache apunge. Kumshika kichwa kwa nguvu ili akutazame machoni? Achana nayo pia.

Na mtaalamu akipiga mtoto, akimnyima chakula ili atii, akiahidi kwamba usonji utaisha, au akikataa mzazi asione kinachofanyika ndani, ondokeni. Kiboko si mbinu. Kinamfundisha mtoto kuogopa mtu, hakimfundishi njia ya kuomba maji.

Basi wewe ufanye nini hasa? Nenda naye kikao kimoja na uulize maswali matatu: tunafundisha nini mwezi huu, tutajuaje kinafanya kazi, na nyumbani tufanye nini? Majibu yaandike kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani kwenu, kwenye karatasi moja ubandike jikoni. Piga picha za kikombe, choo, viatu na simu, uzichapishe kwa saiba, hizo ni kadi tayari. Rekodi kinachotokea kabla ya kilio umwonyeshe mtaalamu, na video iishie hapo. Usiiweke TikTok. Huyo mtoto atakua, na mtandao hausahau.

Kama familia bado haijui pa kuanzia, kuna vituo vya kutathmini watoto vya EARC chini ya Wizara ya Elimu katika kaunti mbalimbali. Nairobi kuna taasisi ya KISE kule Kasarani. Shule nazo zipo, kama City Primary jijini, yenye kitengo cha watoto wenye usonji. Na mtoto asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Foleni ni ndefu, hiyo sikufichi. Lakini kujaza daftari la kabla, kitendo na baada hakungoji foleni. Ni daftari la mkono tu, la bei ya mandazi machache.

Kwa hivyo wikendi hii, kama kwenu au kwa jirani kuna mtoto wa namna hii, usiende na hotuba. Nenda na kalamu. Mwambie mama yake apumzike saa moja, wewe ukae na mtoto na ujaze ukurasa wa kwanza. Kisha msome pamoja.