Jawabu la Mashine na Wajibu wa Mwalimu wa Hisabati

Mwalimu wa hisabati wa leo hana budi kukiri kwamba zipo programu za kompyuta zinazotatua milinganyo kwa herufi, tena upesi kuliko yeye. Maple ilianza kutungwa katika Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, mwaka 1980. SymPy hupatikana bila malipo. Baadhi yetu husema zipigwe marufuku madarasani. Wengine husema zitufanyie kazi yote. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimeliacha swali lenyewe. Yafaa kwanza tuulize: watungaji wa programu hizo wamejifunza nini katika kuzirekebisha?

Tutoe mfano. Tulikwenda kumkagua mwanachuo wetu aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha mwambao wa Kigombe, kusini ya Tanga. Hesabu yake ilihusu maisha ya pale. Mashua yaenda kwenye fungu lililo umbali wa kilometa 12, ikipingana na mkondo wa kilometa 2 kwa saa, kisha yarudi ikisaidiwa na mkondo huo huo. Safari nzima ni saa mbili na nusu. Je, mwendo wa mashua katika maji yaliyotulia ni upi? Mwanafunzi mmoja alipata kwa simu majawabu mawili, 10 na −2/5, akayaandika yote. Mwanachuo akampa alama zote. Nasi tulioketi nyuma na daftari la ukaguzi, nusura tulipitishe jambo hilo.

Programu haikukosea. Ukiweka −2/5 katika mlinganyo, pande zote mbili hulingana. Lakini hakuna mashua iendayo kwa mwendo ulio chini ya sifuri. Jawabu lililo sahihi kwa mlinganyo si lazima liwe sahihi kwa mvuvi.

Sasa tutazame marekebisho ya programu zenyewe. Kwanza ni uhakiki. Katika √(x + 6) = x, tukipandisha pande zote mbili kwenye kipeo cha pili twapata 3 na −2; lakini −2 halikubaliki katika mlinganyo wa awali. Ndiyo maana amri ya SymPy iitwayo solve huyarudisha majawabu kwenye mlinganyo kabla ya kuyatoa. Pili ni sharti. Ukiipa ax = b, amri hiyo hujibu b/a, bila kutaja kwamba a isiwe sifuri. Hapo pangali pana kazi. Tatu ni ukamilifu. Kwa sin x = 0, solve hutoa 0 na π tu, ilhali majawabu hayana mwisho. Kwa hiyo ilitungwa amri nyingine, solveset, inayotoa seti nzima, na inayomruhusu mtumiaji kutaja kama anataka namba halisi peke yake. Isipoweza kutatua, huitaja seti kwa sharti lake, wala haidai kwamba hakuna jawabu.

Ni dhahiri kwamba maendeleo hayo si ya kasi. Ni ya uaminifu: kusema jawabu ni kweli wapi, na kwa sharti gani.

Je, sisi twafundisha hivyo? Ni mara ngapi tumegawa pande zote za x² = 5x kwa x, tukaandika 5, tukaipoteza sifuri mbele ya darasa zima? Kasoro tunazozilaumu katika mashine zimo katika chaki yetu.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba, chini ya kila jawabu la mlinganyo, mwanafunzi aandike mistari mitatu: uhakiki, sharti, na maana ya jawabu katika jambo lililoulizwa. Mistari hiyo itengewe alama, hata kama jawabu lenyewe limetoka katika simu. Wanachuo nao wazoezwe hivyo kabla ya kupelekwa mashuleni, kwani mwalimu asiyehakiki hawezi kumfundisha mwingine kuhakiki.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule zimjengee kijana akili ya kudadisi, ajifunze kwa wengine, kisha akubali, akatae au arekebishe. Mashine ni mmoja wa hao wengine. Mtoto wa Kigombe aliyeikataa −2/5 kwa hoja yake mwenyewe, huyo ndiye aliyefundishwa aljebra.