Kifurushi cha Mbeya na mchanganuo wa kodi yake

Barua ya wazi kwa Kamishna Mkuu,
Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA),
Dar es Salaam.

YAH: KODI NA USAFIRI WA BIDHAA ZINAZONUNULIWA MTANDAONI KUTOKA NJE

Bidhaa inayoagizwa mtandaoni kutoka ng'ambo hubeba gharama tatu hadi kumfikia mnunuzi wa Mbeya au Iringa: bei ya muuzaji, usafiri na kodi. Mbili za kwanza mnunuzi huziona kwenye simu kabla hajalipa. Ya tatu huijua mzigo ukishatua Dar es Salaam, na wengi hawaijui kabisa hata baada ya kuilipa.

Ushuru wa forodha hutozwa kwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kwa viwango ambavyo nchi wanachama zimekubaliana. Malighafi na mitambo mingi ni sifuri, bidhaa za kati asilimia 10, zilizokamilika asilimia 25, na tangu Julai 2022 lipo daraja la asilimia 35 kwa bidhaa kama nguo, samani na vitu vya ngozi. Juu ya hapo huja Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ya asilimia 18, ambayo hupigwa kwenye thamani ikiwa tayari imeongezewa ushuru. Zipo pia Tozo ya Maendeleo ya Reli na ada ya forodha.

Mfano wa hesabu unasaidia. Bidhaa ya daraja la asilimia 25 imenunuliwa kwa shilingi 100,000, na usafiri wa meli hadi Dar es Salaam ni 40,000. Bima iwekwe kando. Kwa mzigo wa meli, usafiri huingizwa kwenye thamani ya forodha, hivyo ushuru hukokotolewa kwenye 140,000 na kuwa 35,000. VAT hupigwa kwenye 175,000 na kuwa 31,500. Kodi hizo mbili pekee ni 66,500, theluthi mbili ya bei ya dukani, na mzigo bado haujatoka Dar es Salaam.

Kwa mzigo wa ndege hesabu ni nyingine, na wanunuzi wachache wanaijua. Jedwali la Nne la Sheria hiyo ya Forodha linasema kwamba kwa bidhaa zinazoingia kwa ndege, gharama ya usafiri haiongezwi kwenye bei iliyolipwa wakati wa kupata thamani ya ushuru. Bidhaa ileile ikija kwa ndege, hata kama usafiri umefika 80,000, ushuru wake ni 25,000. Tofauti ya 10,000 si ndogo kwa fundi simu wa Mwanjelwa, Mbeya, anayeagiza vioo, wala kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya anayeagiza vifaa vya mradi wake. Ila mnunuzi hawezi kujua kama kanuni hiyo imetumika asipoona hesabu yenyewe.

Hapa ndipo penye kiini cha barua hii. Mizigo midogo mingi kutoka China haiingii nchini kwa jina la mnunuzi. Huingia kwa wasafirishaji wanaokusanya mizigo ya watu wengi Guangzhou, wakaipakia pamoja na kutoza bei moja: kwa kilo ikiwa ya ndege, kwa CBM (mita ya ujazo) ikiwa ya meli, kodi ikiwa imo humohumo. Utaratibu huo ni mwepesi na umewafungulia wengi biashara. Lakini mnunuzi hubaki na risiti ya kilo tu. Kadhia ya forodha, yaani tamko la kuingiza mzigo, haina jina lake, na kiasi gani kilikwenda serikalini na kiasi gani kilibaki kwa msafirishaji, hana pa kukisoma.

Haki zake zote zinasimama juu ya mchanganuo huo asiopewa. Kifungu cha 229 cha Sheria hiyo ya Forodha kinampa asiyeridhika na uamuzi wa forodha siku 30 za kuomba upitiwe upya, na Kamishna naye siku 30 za kujibu. Vilevile sheria inaruhusu kurejeshewa ushuru uliolipwa kimakosa. Asiye na mchanganuo hana cha kupinga. Hata kwa vifurushi vya posta, vinavyokuja na tamko la forodha la CN22 au CN23, muuzaji wa ng'ambo akiandika thamani isiyo ya kweli, bei hutiliwa shaka na kukadiriwa upya, na anayeulizwa ni mpokeaji wa Mbeya, aliye mbali na kaunta ya Dar es Salaam kwa zaidi ya kilomita 800.

Umbali huo ni gharama nyingine. Baada ya kodi, kifurushi hupandishwa basi kupitia barabara ya TANZAM, ambako pia hupita makontena ya Zambia na Kongo. Mnunuzi wa Dar es Salaam huenda ofisini mwenyewe na risiti yake. Wa Mbeya hutafuta wa kumtuma au hulipa kilichotajwa, huku gharama ya kuhifadhi mzigo ikiendelea kuhesabika. Hilo si haki, kwa kuwa kiwango cha kodi ni kilekile Dar es Salaam na Mbeya.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani mwaka 2020. Mkataba huo unadai taratibu na viwango vya forodha vichapishwe, na kwa vifurushi vya haraka unazitaka nchi, kadiri inavyowezekana, ziweke thamani ya chini isiyotozwa kodi.

Kwa misingi hiyo, yanaombwa mambo yaliyo ndani ya uwezo wa Mamlaka. La kwanza na kubwa kuliko yote ni kila msafirishaji wa mizigo ya pamoja kulazimika kumpa kila mwenye mzigo mchanganuo wa Kiswahili: thamani iliyokubaliwa, daraja la ushuru, VAT, tozo na namba ya kadhia. Kikokotoo cha kodi ya vifurushi kiwekwe wazi kwa Kiswahili, kikitenganisha ndege na meli. Na maafisa wa forodha walioko kanda ya Mbeya, ambao tayari wanafanya kazi mipakani Tunduma na Kasumulu, waruhusiwe kupokea maombi ya mapitio ya vifurushi katika ofisi ya TRA Mbeya, ili muda wa siku 30 usiishie njiani.